Mursik ya Ombi Lililokatwa

Kuna aibu zinazopoa ukizisimulia mara mbili tatu, na kuna hii yangu ambayo watoto wangu wameijua kwa moyo na bado nikifika pale katikati masikio yananiwaka moto. Naisimulia tena leo kwa sababu nimegundua nikinyamaza, watu wa kule ilikotokea huisimulia wenyewe na kuongeza chumvi, wanasema eti nililia (sikulia) na eti nilikimbia (nilitembea haraka).

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa karani wa kamati katika baraza la mji mmoja mdogo kwenye milima ya majani chai. Mji wenyewe sitautaja, ila ukipita Kedowa ukaendelea mbele, ukaona chai pande zote mbili za barabara na ofisi ya mabati yenye bendera iliyofifia, unaweza kubahatisha. Mimi kwa asili si wa huko. Baba yangu alitoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi kiwandani, nami nikasomea huko, nikaolewa huko, nikaajiriwa huko, na watu wakaniita Mama Otieno hata wale ambao hawakuwahi kumwona huyo Otieno.

Kazi niliyopewa hakuna mwingine aliyeitaka, nayo ilikuwa kufuatilia mambo ya Nairobi. Baraza dogo kama letu liliishi kwa kutegemea yanayoamuliwa mbali. Bunge likibadilisha sheria ya leseni, sisi ndio tunaopigiwa kelele na wenye maduka, na serikali ikiamua ushuru wa majani chai ugawanywe vingine, ni barabara zetu zinazobaki na matope. Kwa hiyo kila Gazeti la Serikali lilipofika kwa posta, na miswada mipya ndani yake, nilikaa na mkasi na gundi nikakata kila kilichogusa mabaraza, nikabandika kwenye faili kubwa, na kila mwezi nikasimama mbele ya madiwani nikawaambia mswada huu umesomwa mara ya kwanza, huu umerudishwa kwa kamati, huu umekufa na msiuulize tena. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Nilibeba Gazeti hadi kanisani, nilibishana na redio jikoni, na nilikuwa na tabia (mume wangu hajaisahau) ya kumkatiza mtu anayelalamika kuhusu serikali ili nimweleze ni kifungu gani hasa anacholalamikia.

Nusu ya pili ya kazi ilikuwa maombi. Kila mwaka baraza liliandikia wizara likiomba kitu kiingizwe kwenye makadirio ya maendeleo, halafu mimi nifuatilie mpaka Juni, bajeti inaposomwa na kitabu cha makadirio kinapotoka, tujue kama tumo au hatumo. Mwaka huo madiwani walikubaliana kuomba kitu kimoja tu, pampu na mabomba ya kupandisha maji kutoka chemchemi mpaka zahanati ya baraza.

Aliyeyahitaji maji hayo kuliko sote alikuwa Sista Rael, muuguzi wa zahanati. Zahanati ilikuwa juu kilimani na chemchemi ilikuwa chini kabisa, na chumba cha kujifungulia kilikuwa na vitanda viwili, taa nzuri, na bomba ambalo halikuwahi kutoa tone. Mama akija kujifungua na watu wake, watu wake walichota maji. Akija peke yake, Sista Rael alichukua mtungi wa lita ishirini akateremka mwenyewe. Miezi michache kabla ya ombi hilo alikuwa amemwacha mama mmoja kitandani akaenda kuchota, na aliporudi mtoto alikuwa tayari mikononi mwa mgonjwa wa malaria wa chumba cha pili. Mama na mtoto walipona. Rael alikuja ofisini kwangu akakaa, kofia yake nyeupe mapajani, akasema, "Mama Otieno, hii imetoka salama. Ingine haitatoka salama, na mimi ndio nitakuwa huko chini kwa maji." Nikamwahidi kwamba ombi hili nitalisukuma mimi mwenyewe.

Basi sikilizeni nilivyolisukuma. Barua ya ombi ilitakiwa iende na kumbukumbu za mkutano wa baraza, zile tunazoziita minits, zikiwa na sahihi ya mwenyekiti. Siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa Ijumaa, na mwenyekiti alikuwa Merigi kwenye matanga ya mjomba wake. Ningeweza kumfuata, si mbali sana, lakini mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa na Gazeti jipya mezani, kwa hiyo nikatuma barua peke yake na kujiambia minits nitazituma Jumatatu. Jumatatu mwenyekiti alirudi akatia sahihi, nami nikaziweka kwenye droo nimalize kwanza kubandika mswada mmoja wa leseni ulionisisimua (mswada ambao, kwa taarifa yenu, ulikufa). Mswada wa pili ukaja juu ya wa kwanza, na zile minits zikalala humo droo miezi na miezi bila kunipitia akilini.

Juni ikafika, bajeti ikasomwa, na kwa kuwa kitabu kingechelewa sana kuletwa kwa posta, madiwani wakanituma Nairobi nikakichukue kwa mkono. Nilivaa viatu vipya. Nilikinunua kitabu asubuhi, nikakifungulia hapo hapo kwenye ngazi za jengo, nikatafuta wilaya yetu, nikatafuta jina letu, halikuwepo. Nikatafuta tena kwa kidole. Kulikuwa na baraza moja la upande wa Bomet lililopata mradi wa maji, neno kwa neno kama wetu, na chini yake hakukuwa na kitu kingine. Nikaenda wizarani, nikapelekwa kwa afisa mmoja mwenye sauti ya upole aliyefungua jalada akanionyesha barua yetu.

"Mama, ombi lenu lilikuwa zuri," alisema. "Lakini minits hazikuja. Bila minits sisi tunahesabu kama barua tu. Leteni mwaka ujao."

Nikaiona droo yangu kama iko mbele yangu. Mimi niliyekuwa nikiwasomea madiwani vifungu vya sheria, nilikuwa nimeshindwa kuweka karatasi moja ndani ya bahasha.

Mchana nilipiga simu kwenye kibanda cha posta, na aliyeshika ni mwenyekiti mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameketi kando ya simu ya ofisi tangu asubuhi. Nyuma yake nilisikia sauti za watu. "Mama Otieno," akasema, "habari ya huko? Tumo?" Nilipaswa kusema hatumo, ni neno moja tu, lakini nilifikiria watu walio nyuma yake, nikafikiria kwamba mbele ya wote hao angeniuliza sababu, nikasema, "Mheshimiwa, kitabu ninacho mkononi. Nitawaeleza nikifika." Akasema, "Kumbe umekipata. Vizuri sana, mama, vizuri sana," na simu ikaanza kulia inataka pesa. Nilikuwa na sarafu nyingine kiganjani, imeshapata joto. Sikuiweka.

Sasa mtu wa kule ukimwambia nitakueleza nikifika, na sauti yako si ya kilio, anaelewa kwamba unabeba jambo zuri na unataka kulisema mbele ya watu. Habari mbaya hutumwa mbele ili mtu asikutwe nayo barabarani, na habari njema huja na mwenyewe. Mimi nimekaa huko tangu utotoni, nilijua hivyo. Nilijua na bado nikapanda basi la kurudi nikijiambia kwamba sijadanganya mtu, maana kitabu kweli nilikuwa nacho.

Siku iliyofuata, saa nane mchana, nikashuka kituoni na kuwakuta. Wanawake wengine walikuwa wametoka moja kwa moja kuchuma chai, bado wamefunga plastiki kiunoni, na wengine walikuwa na vitambaa vya kanisani. Mwenyekiti alikuwa na kofia yake ya mikutano. Na mbele yao wote Sista Rael, bila kofia nyeupe, na kibuyu kikubwa cha mursik, maziwa yale yaliyolazwa yakaiva na mkaa wa mti, ambayo hupewa mtu anayerudi na ushindi.

Hapa lazima niwaambie kitu. Miaka yote hiyo sikuwahi kunywa mursik. Ule mkaa ulinishinda tangu nikiwa mdogo, na watu walikuwa wamezoea kunitania na kunipa chai badala yake, hakuna aliyekasirika. Kwa hiyo siku hiyo ningesema hapana kama kawaida yangu, nikaitumia hiyo hapana kama mlango wa kusema mengine. Nilifungua mdomo. "Sista, ngoja kwanza, kuna maneno," nikasema, na Rael akanijibu, "Hiyo maneno haitoroki. Mtu ametoka safari anakunywa kwanza," akaniinulia kibuyu kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa yamechoka na yana furaha kwa wakati mmoja, nami nikaona kwamba kadiri ninavyokunywa ndivyo sitakavyohitaji kusema. Nikanywa. Nikanywa sana, hadi ikanichuruzika kidevuni.

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijawahi kusikia tena. Kama Mama Otieno, ambaye hata mwaka wa sherehe ya kuapishwa mwenyekiti alikataa, leo amekunywa mpaka chini, basi nani angebaki na shaka? Mwenyekiti akanivisha sinendet shingoni, ule mmea wa kutambaa wanaovishwa wanariadha wakirudi na medali, na wanawake wakaanza wimbo wa kanisani, tukaondoka kwa miguu kuelekea zahanati, mimi katikati, viatu vipya vinaniuma, kitabu nimekikumbatia.

Nilijiambia nitasema tukifika. Tulipofika nikaona mtaro. Kumbe tangu asubuhi wanaume wa mitaa yote ya karibu walikuwa wamekuja na majembe yao, kama wanavyofanya kazi ya jirani, bila kulipwa na bila kuitwa mara mbili, na walikuwa wamechimba kutoka chemchemi kupanda kilima, mtaro wa kufika magotini, umenyooka vizuri, na ulikuwa umepita nusu ya njia. Mwenyekiti alisema kwa majivuno, "Serikali ikileta mabomba ikute sisi tumemaliza yetu." Nilitazama udongo ule mwekundu uliorundikwa kando, nikakibana kitabu kwapani.

Wakanipandisha kwenye benchi la wagonjwa. Mwenyekiti akahutubia, akamshukuru Mungu, akanishukuru mimi, akasema mji unahitaji watu wanaofuatilia. Halafu Sista Rael akasema, "Tusomee, Mama Otieno. Sisi tusikie vile imeandikwa." Watu wakasogea karibu. Nikafungua kitabu, na naapa kwamba nilikifungua nikiwa nataka kusema ukweli, lakini macho yangu yaliangukia ule mstari wa jirani zetu na mdomo wangu ukaanza kuusoma: mradi wa maji, zahanati ya baraza, pampu na mabomba. Jina la mji wao nililimeza kwa kikohozi. Rael akafunika uso kwa mikono. Alikuwa analia, na sijawahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Mwalimu Koech alikuwepo. Huyu alikuwa diwani na mwalimu mstaafu, mtu wa kusahihisha kila kitu, hata ripoti zangu alizirudisha na wino mwekundu. Alikuja polepole hadi kwenye benchi akanyoosha mkono. "Nipe niandike namba ya ukurasa," akasema, "tutaihitaji kwa barua." Ningefanya nini? Nikampa. Akavaa miwani, akasoma, akasoma tena, akafunga kitabu huku kidole chake kiko ndani. Akanikaribia, akasema kwa sauti ya chini ambayo ni mimi na Rael tu tuliosikia.

"Mama Otieno, hii ni ya Bomet. Yetu iko wapi?"

"Haiko, Mwalimu."

Rael akatoa mikono usoni. Nikadhani Mwalimu Koech atawageukia watu, lakini akanirudishia kitabu. "Sema wewe," akasema. "Mimi nikisema, nitakuwa nimekushtaki. Wewe ukisema utakuwa umeeleza."

Nikasema. Sijui nilianza vipi, ila nakumbuka nilisema, "Maji haiko. Jina yetu haiko kwa kitabu. Makosa si ya serikali, ni yangu, minits ilibaki kwa droo yangu, na hiyo nimesoma ilikuwa ya wengine." Ilikuwa kimya kabisa, isipokuwa chini kule kwenye mtaro, ambako wale wasiosikia waliendelea kuchimba, na majembe yao yalisikika moja moja mpaka mtu akateremka kuwaambia waache. Mama mmoja mzee aliyesimama mbele akamgeukia jirani yake akauliza, bila hasira, akitaka tu kuelewa, "Na mursik amekunywa?" Mwenyekiti alivua kofia, akaenda kusimama kando ya mtaro akiwa ametupa mgongo. Nikavua sinendet, nikatafuta wa kumrudishia, hakuna aliyenyoosha mkono, nikaitundika kwenye ua wa zahanati. Ndipo nilipotembea haraka.

Jumatatu nilipeleka barua ya kuacha kazi. Mwenyekiti aliisoma akaikunja mara nne. "Uzembe wako tumeuona," aliniambia. "Ukienda, nani atafuatilia? Kaa hapo ufuatilie." Hakunisamehe, alinipa kazi tu, na nadhani hilo lilinifaa zaidi kuliko msamaha.

Jumamosi yake nilichukua mtungi nikateremka chemchemini mapema asubuhi, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda na aibu yangu. Sista Rael alikuwa hapo anajaza wake. Hatukusalimiana vizuri. Baada ya muda akaniuliza, "Kwa nini ulikunywa?"

"Niliogopa."

"Uliogopa mimi?"

"Ndiyo, Sista."

Akafunga kifuniko cha mtungi wake. "Ungeniambia kwa simu, ningesema pole, nichukue mtungi niende. Nimezoea. Lakini wewe umenipatia maji, nikakaa nayo siku nzima, halafu ukaninyang'anya. Hiyo ndio sikuwa nimezoea."

Nilisikia uchungu ambao sikuusikia pale juu ya benchi. Pale nilikuwa nimejihurumia, na hapa nilimhurumia yeye. Tukapanda kilima kwa kufuata ule mtaro, nikapumzika mara tatu na yeye akanisubiri mara zote tatu. Nilimwuliza Sista, mama mmoja akijifungua hutumia mitungi mingapi. Akasema minane, akipata shida hata kumi. Nilikuwa nimeandika neno maji kwenye faili mwaka baada ya mwaka kwa mwandiko mzuri, na sikuwa nimewahi kulibeba hata mara moja. Kuanzia hapo nilikwenda kila Jumamosi. Sikufanywa shujaa kwa hilo, na sikustahili.

Kikabaki kiapo changu, nacho ni kifupi. Nikitumwa mahali, habari mbaya ndiyo ninayoitanguliza, nikiwa bado nimesimama na mkoba begani, kabla ya kiti, kabla ya chai, kabla ya kuulizwa watoto hawajambo. Watu huniona sina adabu. Bora hivyo.

Ombi lile tulilirudisha, na safari hii minits nilizipeleka wizarani kwa mkono wangu nikasubiri zipigwe muhuri mbele yangu. Mwaka uliofuata hatukuingia tena, nikarudi nikawaambia nikiwa mlangoni. Mwaka wa pili wake tukaingia. Sikupiga simu, sikumwambia mwenyekiti, nilishuka kutoka basini nikapanda moja kwa moja hadi zahanati, nikamkuta Sista Rael anafua mashuka, nikafungua kitabu nikamwonyesha kwa kidole jina letu, mradi, pampu, mabomba, yote yamechapishwa.

Akakausha mikono kwa aproni. Akautazama ule mstari muda mrefu, akanitazama mimi, hakutabasamu.

"Ngoja Mwalimu Koech aje aone," akasema, akamtuma mtoto wa jirani amwite, akarudi kwenye mashuka yake. Nikasimama pale mlangoni na kitabu changu kikiwa wazi, karibu saa nzima, nikimngoja Mwalimu.